Baba na Mtoto wa Maandalizi



Somo letu la leo ni la malezi. Nimeona mara nyingi kwamba somo la malezi likitokea gazetini, baba hulikunja gazeti na kumpa mkewe. "Hili lako," husema. Safari hii tunaomba gazeti libaki mkononi mwa baba. Mama atalisoma baada yake.

Tunazungumza habari za mtoto wa miaka mitatu mpaka sita, yaani mtoto ambaye bado hajaingia darasa la kwanza. Wengine wa umri huu wako skuli ya maandalizi. Wengine wanakwenda chuoni kwa maalim. Wengine bado wako nyumbani, wanachezea mchanga. Je, baba wa mtoto huyu ana kazi gani, ukiacha kuleta chakula na kutoa mchango wa skuli?

MKUTANO WA SAA NNE

Nitaanza na jambo nililoliona mwenyewe. Kijiji kiko Wilaya ya Kaskazini A, hapa Unguja, na jina lake sitalitaja. Wanaume wengi wa hapo huvua dagaa. Wanawake wengi hulima mwani, kazi iliyoanza Zanzibar mwaka 1989 na ambayo mpaka leo wakulima wake wengi ni wanawake. Skuli ya maandalizi iliita mkutano wa wazazi saa nne asubuhi. Nami nikaalikwa, kwa sababu nina darasa la kisomo hapo hapo kijijini.

Nilipofika niliwakuta akina mama wamejaa mikekani. Wanaume tulikuwa wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili ni fundi aliyekuja kutengeneza mlango.

Mwalimu wa skuli akanambia kwa uchungu, "Unaona, Mwalimu? Akina baba wa hapa hawana habari na watoto wao."

Nilimkubalia. Jioni nikaingia darasani kwangu na fikra hiyo kichwani. Katika darasa langu alikuwamo mvuvi mmoja mwenye binti wa miaka minne. Bwana huyu alijifunza kusoma ukubwani. Anasoma kama wengi wenu mnavyosoma, polepole, na kidole juu ya mstari. Nikamwuliza, "Bwana, mbona asubuhi hukuonekana mkutanoni?"

Akacheka. "Mwalimu, saa nne mimi nilikuwa nimelala. Nimetoka bahari alfajiri."

Wenzake walipokwisha kuondoka, akabaki nyuma akikunja daftari lake. Kisha akanambia jambo jingine. Binti yake alipoanza skuli, kila siku alikuja na karatasi aliyochora, akamwonyesha. Siku moja akamwuliza, "Baba, hapa pameandikwa nini?" Yule bwana akatizama. Maneno yalikuwa mengi, naye kachoka. Akaona haya kukosea mbele ya mtoto.

"Nikamwambia, mpelekee mama'ko. Siku ya pili akaja tena, nikamwambia vile vile. Siku hizi haji, Mwalimu. Anapita na karatasi yake moja kwa moja mpaka uani."

Ndugu msomaji, mtu huyu hakukosa habari na mtoto wake. Alikuwa nazo mpaka zikamnyima raha. Nikaona kwamba tuliokosea tulikuwa wawili, mwalimu wa skuli na mimi.

HESABU YA MWEZI

Siku chache baadaye nilikaa na sheha na wazee wa diko. Diko ni pale pwani vyombo vinapofikia na samaki wanapouzwa. Tukahesabu siku za mwezi. Someni hesabu hii taratibu, maana ndani yake mna jambo.

Mvuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa inataka giza. Basi siku za giza baba yuko baharini usiku, na mchana amelala. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Hizo ndizo siku za mbaamwezi.

Mama naye ana hesabu yake. Mwani unataka maji yatoke sana. Maji hutoka sana wakati wa bamvua, na bamvua ni mara mbili kwa mwezi: mwezi unapoandama na mwezi unapokuwa mpevu. Wakati wa bamvua, maji ya kwetu hukauka karibu na saa nne asubuhi. Kwa hiyo mama hutoka nyumbani mapema, akarudi mchana, amelowa na amechoka.

Sasa ziwekeni hesabu hizi mbili pamoja. Siku za mbaamwezi mama yuko mwanini, na baba yuko nyumbani. Mtoto akirudi skuli hamkuti mama. Anamkuta bibi, au anashuka pwani kumtafuta mama juani. Na baba yake yuko barazani anacheza bao, hatua ishirini tu kutoka pale mtoto anapopita.

Mkutano wa saa nne uliwekwa siku ya maji mafu ili akina mama wasikose kazi yao ya mwani. Hiyo ilikuwa busara. Lakini hakuna aliyeuliza hesabu ya akina baba. Tuliwaita wakati wamelala, kisha tukasema hawaji.

Hesabu hii si ya wavuvi peke yao. Mkulima ana msimu wake. Hamali wa bandarini Malindi ana siku ambazo meli hazikuja. Dereva ana zamu. Kila baba ana saa zake, na kazi ya kwanza ni kuzijua.

MKUTANO WA BANDANI

Mkutano wa pili uliitwa siku za mbaamwezi, baada ya sala ya alasiri, pale pale diko, katika banda la kutengenezea nyavu. Walikuja wengi. Wengine hawakuja kwa ajili ya mkutano, walikuwapo tu. Mikono yao ilikuwa kazini, masikio yalikuwa kwetu.

Bwana mmoja akasema, "Mwalimu, mtoto mdogo ni wa mama yake. Akishakua tutamchukua sisi."

Wenzake wakacheka, wakamuunga mkono. Mzee mmoja aliyekuwa na wavu mapajani hakucheka. Akamwuliza yule bwana, "Wewe, kupiga fundo kakufundisha nani?"

"Baba."

"Ulikuwa mkubwa wa kiasi gani?"

"Aa, mzee wangu, mdogo. Hata chuoni sijatiwa."

"Basi baba'ko alikuchukua lini?"

Banda lilinyamaza. Mimi nilikwenda na maelezo yangu kurasa tatu. Nikazikunja, nikazirudisha mfukoni. Mzee alikwisha kusomesha.

MAMBO MATANO

Hata hivyo yale yaliyokuwamo katika karatasi zangu yana faida, na hapa nina nafasi ya kuyaandika.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wenzao walitoa muongozo wa malezi ya watoto wadogo kwa nchi zote. Muongozo unasema mtoto mdogo anahitaji mambo matano: afya nzuri, lishe, ulinzi na usalama, malezi yenye muitikio, na nafasi ya kujifunza mapema.

Neno "muitikio" huenda ni geni kwa wengine. Linatokana na kuitika. Mtoto anaita, mkubwa anaitika. Mtoto anaonyesha kidole kwenye mwezi, mkubwa anatizama na kusema, "Ndio, mwezi. Leo umekuwa mkubwa." Mtoto analia, mkubwa anauliza pana nini. Huo ndio muitikio. Yule binti aliyekuja na karatasi yake alikuwa anaita.

Ukiyatizama mambo hayo matano, baba wa Unguja anayafanya matatu ya mwanzo kadiri ya uwezo wake. Analeta kitoweo na unga. Mtoto akishikwa na homa usiku, yeye ndiye anayetafuta gari. Anajenga ua na kufunga mlango. Tusimvunjie heshima kwa kusema hafanyi kitu. Yaliyobaki ni mawili ya mwisho, na hayo mawili hayanunuliwi dukani.

Kwa nini yana haraka? Kwa sababu ubongo wa mtoto hukua upesi mno katika miaka ya mwanzo. Mtoto akifika miaka mitano au sita, ubongo wake umekaribia ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Mtoto anayezungumzishwa, anayeulizwa na kusikilizwa, huingia darasa la kwanza na maneno mengi. Mwalimu akisema jambo, anamfahamu. Mtoto aliyezoea kusikia "kaa kimya", "toka hapa" na "njoo ule" huingia na maneno machache. Mzigo wa kuyatafuta mengine anaukuta darasani, pamoja na herufi na hesabu.

Na kwa nini baba, ikiwa mama yupo na bibi yupo? Kwa sababu baba ana maneno yake. Mama wa kijiji kile anajua tai, kamba na vigingi vya mwani, na mambo mengi ya nyumbani na ya pwani. Baba anajua kusi na kaskazi, mlingoti, tanga, nanga, majina ya samaki na ya nyota. Fundi baskeli anajua spoku na mnyororo. Mtoto aliye na mama tu katika mazungumzo yake anakula upande mmoja wa sahani.

TULIKOTOKA

Jambo hili la kukaa kikundi na kujifunza malezi si geni kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1973 Tanzania Bara iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakazungumza, kisha wakaondoka kwenda kufanya kazi: kuchimba vyoo, kusafisha visima, kufyeka majani karibu na nyumba. Baadhi yao walikuwa wanakisomo kama ninyi.

Upande wa watoto, miaka ya 1980 kazi ya skuli za awali za madrasa ilianza Mombasa. Viongozi wa Waislamu wa mwambao waliomba msaada wa Aga Khan, na mwalimu Bi Swafiya Said akawa mmoja wa walioiongoza kazi hiyo tokea mwanzo. Ilifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Skuli hizo ni mali ya kijiji. Vifaa vyake vingi havinunuliwi: vifuu, makuti, komwe, vizibo vya chupa, vipande vya mbao. Watafiti waliwapima watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Waliona kwamba watoto waliosoma skuli za awali waliwapita kiakili wenzao waliobaki nyumbani, na wale wa madrasa walifanya vizuri zaidi.

Mwaka 2006 Sera ya Elimu ya Zanzibar iliingiza elimu ya maandalizi katika elimu rasmi. Mwaka huo huo ulianza mpango wa masomo ya redio, ambao ulileta Tucheze Tujifunze. Watu wakayaita TuTu kwa kufupisha. Mahali pasipokuwa na skuli karibu, watoto walikusanyika barazani au chini ya mti, na mkubwa mmoja wa kijijini akawasimamia. Redio ikisema simameni, wanasimama. Ikisema hesabuni, wanahesabu. Nyumba nyingi zilitoa baraza zao kwa kazi hiyo.

Akina baba hasa ndio walioachwa nyuma. Lakini nao wameanza kufikiwa. Mkoani Mara, miaka ya mwisho kabla ya 2020, palifanywa mpango katika vijiji 80. Katika baadhi ya vijiji walifundishwa akina mama peke yao, na katika vingine mama na baba. Masomo yalikuwa ya kulisha watoto wadogo sana, kucheza nao, na kusaidiana nyumbani. Akina baba walikutana kwa vikundi na kufundishwa na wahudumu wa afya wa kijijini. Niliposoma habari hiyo nilifurahi, nikakumbuka lile banda letu la nyavu.

KAZI YENYEWE

Sasa tuje kwenye kazi. Baba mmoja atasema, "Mimi sijui kufundisha." Mwingine atasema, "Sina muda." Tuone.

Umerudi na kitoweo. Kabla hujampa mama, muite mtoto. Mimina samaki kwenye ungo. Mwambie, "Mwanangu, tuwapange. Changu kwa changu, vibua kwa vibua." Mwache apange mwenyewe. Akikosea usimnyang'anye. Mwulize, "Nani mkubwa, huyu au huyu?" Akijibu, mwulize tena, "Umejuaje?" Swali hili dogo, umejuaje, lina thamani kubwa. Swali la "huyu ni nani?" hujibiwa kwa neno moja tu. Swali la "umejuaje?" linamtaka mtoto afikiri, atafute maneno na kuyapanga. Atasema, "Huyu mrefu. Huyu ana miba. Huyu mkia wake mwekundu." Hapo anasoma, ingawa hana kitabu.

Kisha wekeni mafungu. Wawili wawili, au watatu watatu. "Tumepata mafungu mangapi? Na fungu moja tumpelekee bibi. Yamebaki mangapi?" Ndugu msomaji, hiyo ni hesabu ya kujumlisha na kutoa. Wewe uliifanya diko kwa miaka mingi kabla hujajua kuiandika. Muda wote huo haukuzidi dakika kumi, na samaki hawakuoza.

Komwe za bao nazo zinafaa. Mtoto wa miaka minne hawezi kucheza bao, lakini anaweza kujaza mashimo, komwe mbili mbili, huku anahesabu. (Wazee wa baraza watanung'unika. Wavumilie, watazoea.) Mchongee kidau cha mti mwepesi, umtie tanga, mkakipeleke majini. Au mtengenezeeni tiara. Mwache afunge uzi yeye, hata kama itamchukua muda. Vidole vinavyofunga fundo leo ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho.

Anayekaa Mji Mkongwe hana ufuo wa kuchezea mlangoni, na vichochoro vyetu vina vespa. Lakini mji umejaa maandishi. Mpeleke mtoto kituo cha gari siku ya mapumziko, mshike mkono, mtizame gari za abiria. Gari za Nungwi zimezoeleka kwa namba 116, za Makunduchi 310, za Bububu 502, za Uwanja wa Ndege 505. Mwambie atafute tano. Iko wapi nyingine? Mbona hii ina tano mbili? Jioni mkipita Forodhani au Bustani ya Jamhuri, mwachie akimbie, kisha akuhadithie alichokiona.

Na usiku kuna hadithi na vitendawili. Hapa sina la kuwafundisha, maana mnajua kuliko mimi. Nasema tu kwamba hadithi ya baba inapendwa na mtoto hata ikirudiwa mara ishirini. Akikurekebisha na kusema, "Si hivyo, baba, sungura alikimbia kwanza," usikasirike. Ameishika.

NILIPOKOSEA MIMI

Lazima nieleze na hili, ingawa lanitia haya. Mimi nimesomea ualimu chuoni. Mwanangu alipotimiza miaka minne nilimnunulia daftari na kalamu ya risasi. Kila jioni nilimkalisha aandike jina lake. Alikuwa hawezi. Vidole vilikuwa bado havijakomaa. Mimi nikaona ni uvivu, nikapandisha sauti. Siku moja nilipiga meza kwa rula. Tokea siku ile, kila akisikia baskeli yangu mlangoni, aliingia chini ya kitanda.

Mke wangu ndiye aliyenambia. "Bwana, mtoto anakukimbia. Unataka ajue kuandika au unataka akuogope?"

Tuliliweka daftari juu ya kabati, likakaa huko mwaka mzima. Tukawa tunachora mchangani kwa kijiti: nyumba, ng'ombe, gari ya ng'ombe, halafu mstari, halafu duara. Jina lake alikuja kuliandika mwenyewe, kwa kutaka kwake, na herufi moja akaipindua.

Basi akina baba, msije mkalichukua somo hili mkalifanya mtihani. Mtoto wa umri huu hujifunza kwa kucheza. Bakora na makelele humfunza kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hamjui tena anafikiri nini.

BABA ALIYE MBALI

Wapo wasomaji wetu ambao hawalali nyumbani. Mmoja yuko dago, anahama na samaki. Mmoja yuko Dar es Salaam. Mmoja yuko Maskati. Siku hizi simu iko karibu kila mahali. Lakini sikilizeni mazungumzo yenyewe: baba anapiga, anazungumza na mama habari za pesa, halafu anasema, "Haya, wasalimie watoto." Simu inakatwa. Omba upewe mtoto. Mwulize leo kacheza nini na nani. Mwambie ulipo wewe umeona nini. Dakika tano zatosha.

Wapo pia walioachana na mama wa mtoto. Hili linauma, na mimi si kadhi. Nasema jambo moja tu. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, namba 6 ya mwaka 2011, haisemi malezi ni kazi ya mama peke yake. Na mtoto hakuacha wala hakuachwa. Baba anayepeleka posho kila mwezi kwa mkono wa mtu mwingine na asionekane mwenyewe, amelipa deni moja na kubakisha la pili.

YULE MVUVI

Baada ya mkutano wa bandani nilimwambia yule bwana jambo dogo. Nilimwambia kwamba mtoto wa miaka minne haji kumpima baba yake kama anajua kusoma. Anakuja ili akae naye. Akikwama, na aseme amekwama.

Mwezi uliofuata alinihadithia. Siku za mbaamwezi, mkewe yuko mwanini, alimwita binti kibarazani, akamwambia alete ile karatasi. Ilikuwa na picha ya kuku na maneno chini yake. Akaweka kidole, akaanza. Neno la tatu likamshinda. Akasema, "Hapa baba'ko kakwama. Ngoja nirudie."

"Na yeye?" nikamwuliza.

"Akangoja. Akaweka kidole chake pembeni ya changu, akangoja."

Walilipata lile neno. Lilikuwa "vifaranga". Wakaondoka wote wawili kwenda uani kuwahesabu.

Nilimwuliza kama sasa analetewa karatasi kila siku. Akasema hapana, si kila siku. Siku za giza binti husimama mlangoni kwanza, akachungulia kama baba kalala au yuko macho. Akimkuta macho, huingia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Mtu mmoja asome swali kwa sauti. Wengine wajibu. Akina baba waanze.

1. Katika mambo matano ya malezi, ni yapi unayafanya wewe? Ni lipi hujalifanya wiki hii?

2. Baba yako alikufundisha nini kabla hujaingia chuoni wala skuli? Alikufundisha wapi, na mkiwa mnafanya nini?

3. Chora mstari mrefu kwenye daftari, uugawe katika siku za mwezi mzima. Tia alama siku ulizo nyumbani na macho. Mama naye achore wake. Wekeni mistari miwili pamoja. Siku gani mtoto hana mtu, na siku gani baba yupo?

4. Mwalimu wa skuli ya maandalizi ya kijiji chenu huita mkutano saa ngapi? Nani hawezi kuja saa hiyo? Nani atakwenda kumwambia?

Kazi ya nyumbani: mwulize mtoto wako "umejuaje?" mara moja, kisha andika jibu lake kama alivyolisema, bila kulisahihisha. Asiye na mtoto wa umri huu achukue mjukuu au mtoto wa jirani. Karatasi mpeni mwalimu wenu wa kisomo kabla ya mwezi kuandama.